Mikono ya Laurenti Mntambo, Mwalimu wa Ngumi wa Mabawa

Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, tumefika Mwera kumrudisha Laurenti Hosea Mntambo kwenye udongo aliokulia. Wengi wenu mlimwita Mwalimu. Mjane wake, Mama Ritha, ameomba maisha ya mumewe yasomwe yote, pamoja na yale ambayo misibani huwa yanafunikwa. Familia ilisita. Yeye akasema, "Mkificha, mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Marehemu alizaliwa tarehe 10 Agosti 1968 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, hapa Mwera, wilaya ya Pangani. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Hosea Mntambo na Mama Leticia, ambao wote wamekwisha kututangulia. Baba yake alishuka kutoka Gare, katika milima ya Usambara, akiwa kijana, kuja kukata mkonge, na hakupanda tena mlimani ila kwa kuzika. Siku aliyozaliwa marehemu ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, kwa hiyo jina halikuleta mjadala. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, mbavu zikihesabika, na watoto wa kambini wakambandika jina la Kidagaa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Mwera, kuanzia mwaka 1976 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1982. Njia ya shule ilipita katikati ya mkonge, na humo wakubwa walimvizia wakampiga na kumpokonya mihogo yake. Alikuwa akifika nyumbani shati limechanika, mama yake akimuuliza nani kafanya hivi, naye akijibu kwamba ni miiba. Alimweleza mkewe miaka mingi baadaye kwamba maumivu hayakumsumbua sana. Kilichomsumbua ni kuamka kila asubuhi akijua atapigwa, na kutojua la kufanya na mikono yake.

Mwaka 1983 alihamia kwa mjomba wake Mabawa, Tanga mjini, akapata kazi ya kupakia mbao. Jirani mmoja, bondia mstaafu, alimwona anavyobeba akamwita mazoezini. Kidagaa aliyeruka kamba na kupiga begi la mchanga kwa miaka miwili hakuwa yule wa Mwera. Alipata kifua, akapata pumzi, na zaidi ya yote alipata usingizi. Alipokwenda kusalimia kambini Krismasi ya mwaka 1987, alikutana njiani na mmoja wa wale waliokuwa wakimpiga. Yule mtu akarudi nyuma hatua chache. Laurenti akamshika mkono, akamuuliza habari za wazazi wake, wakaagana. Alipenda kuwaambia wanafunzi wake kwamba hilo lilikuwa pambano lake bora kuliko yote.

Kuanzia mwaka 1988 alipigana ulingoni, kwanza ngumi za ridhaa, kisha za kulipwa. Alishinda mara nyingi zaidi ya alizoshindwa. Lakini mtindo wake ulikuwa wa kukubali kupigwa ili apate nafasi ya kupiga, na hata kwenye mapambano aliyoshinda alitoka uso umevimba kama andazi.

Tarehe 27 Julai 1996 alifunga ndoa na Ritha Mathew, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi Mkwaja. Walikutana kwenye harusi ya rafiki yao huko Mkwaja, na Laurenti, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu ulingoni, alikaa siku nzima asithubutu kumsemesha. Alipokwenda kujitambulisha, Mzee Mathew alimtazama pua iliyovunjika, akamuuliza kazi yake.

"Shikamoo, baba. Mimi napigana ngumi."

"Marahaba. Na nyumbani je?"

"Nyumbani naosha vyombo, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na binti akatolewa. Waliomjua Laurenti wanajua kwamba hakusema uongo. Walibarikiwa watoto wawili, Benedikta na Lucas, na hakuna aliyewahi kuinuliwa mkono katika nyumba ile.

Pambano lake la mwisho lilikuwa Dar es Salaam tarehe 21 Agosti 1999. Aliangushwa, akasimama, akamaliza raundi zote. Kesho yake nyumbani alimwita mkewe kwa jina la dada yake mwenyewe, muda wote wa chai. Nyumbani walicheka. Hakuna aliyejua kinachochekwa.

Mwaka 2001 alianza kufundisha. Mzee Akbar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na kisukari na mwili uliomshinda kubeba. Laurenti alimfundisha kuruka kamba na kupiga pedi za mazoezi, taratibu, mpaka mzee yule akaanza kupanda ngazi za nyumba yake bila kushika ukuta. Kwa shukrani alimfungulia ghala lake la nyuma, na ghala hilo likawa mahali pa mazoezi kwa watu wa kila namna: vijana wa bodaboda, wauguzi, akina mama waliofundishwa wakiwa na hijabu zao, kwa saa yao wenyewe, na Mama Ritha, aliyeletwa na presha. Laurenti alikuwa na neno moja kwa wote: "Kujilinda si kushinda. Kujilinda ni kufika nyumbani."

Insiya, binti wa Mzee Akbar, yupo nasi hapa. Mwaka 2013 mtu alimkaba kwenye ngazi za jengo akitoka kazini. Insiya aliinamisha kidevu, akampiga kiwiko cha mbavu kama alivyofundishwa, mkono ulipolegea akapiga kelele na kukimbia. Alifika ghalani, akasema, "Mwalimu, sikumpiga vizuri, nilikimbia tu." Laurenti akamwambia, "Umefika?" "Nimefika." "Basi umempiga vizuri sana."

Ugonjwa ulianza kuonekana mwaka 2018. Mikono ilitetemeka, akasahau majina, akapotea Mabawa yenyewe, mtaa aliokaa zaidi ya miaka thelathini. Februari 2019 alipelekwa Dar es Salaam kwa vipimo. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba ubongo umeumizwa na ngumi za miaka mingi na kwamba dawa hakuna.

"Kwa hiyo ngumi zimeniua?" Laurenti aliuliza.

"Zile za kichwani, mzee wangu. Mazoezi hayakukuua. Moyo wako ni wa kijana."

Habari zilipoenea, wazazi wengi waliwatoa watoto wao ghalani. Laurenti alisimama mbele ya waliobaki, Mama Ritha pembeni akimkumbusha maneno yanapompotea, akasema: "Mazoezi haya yamenipa pumzi, yamenipa nyinyi. Ngumi za kichwani ndizo zilizonila. Msichanganye. Rukeni kamba, pigeni begi, jifunzeni kujikinga. Kichwa cha mwenzako usikiguse." Tangu siku hiyo, ghalani hapapigwi mtu kichwani.

Kufikia mwaka 2023 hakutambua tena watu. Asubuhi moja mkewe aliingia na maji ya kumwogesha. Yeye akaona mtu asiyemjua amemjia, akarusha ngumi. Mama Ritha alijikinga kwa mikono yote miwili, akapiga hatua ya pembeni, akapaza sauti: "Kengele, Laurenti! Kengele imelia!" Laurenti, akidhani raundi imeisha, akakaa kitandani palepale, akamnyooshea mikono avuliwe glavu. Hakuwa na glavu. Mama Ritha akamvua hivyohivyo, kidole kwa kidole, kisha akaenda jikoni akalia kwenye kanga yake ili asisikike.

Ikawa ndiyo maisha yao. Ujuzi aliomfundisha mkewe kwa ajili ya wezi na wahuni, mkewe aliutumia kwake yeye, wala hakurudisha pigo hata moja.

Jumapili tarehe 4 Februari 2024 Mama Ritha alikuwa akimfunga vifungo vya shati la kanisani, karibu mno, hakuiona ngumi inakuja. Ilimvunja pua. Alasiri ya siku hiyo akili ya Laurenti ilirudi kidogo, kama ilivyokuwa ikirudi mara mojamoja. Akamtazama mkewe usoni.

"Nani kakupiga, Ritha?"

"Nilianguka bafuni."

"Uongo. Hiyo ni ngumi, mimi naijua ngumi. Niambie ni nani, nikamwone."

Laurenti akashusha macho kwenye vifundo vya mkono wake wa kulia, vimechubuka. Akaanza kulia kama mtoto, akamsihi amfunge kamba, amfungie chumbani, ampeleke popote pale. "Nifunge, mke wangu. Nakuomba, nifunge kabla sijaondoka tena."

Kamba hakumfunga. Walikubaliana, akili ikiwa bado ipo, kwamba kila asubuhi amfunge mikono kwa taulo nene, kila mkono peke yake. Kesho yake Laurenti hakukumbuka makubaliano, akapigana na zile taulo mpaka akachoka.

Benedikta alifunga safari kutoka Muheza kumsihi mama yake. "Mama, atakuua."

"Nimpeleke wapi? Nitajie mahali, nimpeleke leo."

Binti hakuwa na mahali pa kutaja. Wala sisi wengine, wajomba, mashangazi na majirani, hatukuwa napo. Tulileta sukari, tukaleta unga, tukasema pole, tukaondoka.

Mwaka jana wote mwili ulibaki na nguvu pale ambapo mwenyewe hakuwepo. Moyo ule alioujenga kwa kamba na mbio ulikataa kuchoka. Mama Ritha ameruhusu tuseme na hili pia: alisali rozari akimwomba Mungu ausimamishe moyo huo, na alipomaliza alisali nyingine kuomba asamehewe kwa ile ya kwanza.

Mwezi Mei mwaka huu Laurenti alishindwa kumeza. Alirudi umbo lake la utotoni, mbavu zikihesabika. Taulo hazikuhitajika tena. Asubuhi ya Jumatano tarehe 11 Juni, nyumbani kwake Mabawa, Mama Ritha alikaa amemshika kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa, na Lucas upande wa pili. Lucas alimuuliza mama yake kama mshipa bado unapiga. Akasema, "Bado unapiga." Baada ya kitambo Lucas akauliza tena. Mama Ritha akatikisa kichwa, ila hakuuachia mkono ule mpaka padri alipofika.

Kuna aliyeuliza jana, mbele ya wafiwa, kama ghala lifungwe sasa. Mama Ritha alijibu kwamba ngumi zimemnyang'anya mume, na ngumi hizohizo zimempa afya ya kumuuguza na mikono ya kujikinga naye, na kwamba hajui afanye nini na mambo mawili hayo. Ila Jumatatu akina mama watakuta mlango wazi, maana funguo anazo yeye.

Marehemu ameacha mke, Ritha, watoto wawili, Benedikta na Lucas, mjukuu mmoja, dada mmoja, na wanafunzi wa ghalani. Familia inawashukuru Mzee Akbar na nyumba yake, Jumuiya ndogondogo ya Mabawa, na wote waliokuja kukaa naye japo hakuwajua.

Mkimwombea Laurenti, mwombeeni na mjane wake. Tangu Jumatano amepika uji wa mgonjwa mara mbili, akakaa na bakuli mkononi hajui ampe nani.

Laurenti wetu amechoka kupita kiasi. Mungu amlaze penye utulivu, na awakalie karibu aliowaacha.