Mchoro Usio na Mikono

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, katika nyumba za reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, ambako alichapwa viboko kwa kuchora uso wa mwalimu mkuu, si kwa kuukosea, bali kwa kuupatia.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuandika mabango ya sinema, na jioni akawa anachora watu kwa rangi za mafuta, akitazama picha za kamera, na kila mteja alitakiwa alete picha anayoichukia, ile aliyopigwa hajajiandaa, kwa kuwa, alisema, studioni kila mtu hubana pumzi. Mwenye duka la michoro, ambaye leo ameketi mstari wa mbele na miwani yake myeusi, alimwita Fotokopi mbele za watu kwa miaka mingi, mpaka wageni walipoanza kununua, ndipo ghafla akawa "kaka yangu".

Tarehe 21 Aprili 1979 alifunga ndoa na mkunga, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni mwalimu. Mkewe alifariki Juni 2016, na marehemu akaanza kumchora kutoka kwenye picha moja tu, mke akipiga miayo mlangoni mwa jiko, picha iliyokatikia kwenye viwiko. Mikono aliichora kwa kukumbuka, akaifuta, akaichora tena, na binti alipojitolea baba aitazame mikono yake, alimjibu, "Hivyo ni vidole vya babu yako, mwanangu, mama yako umemwachia wapi?" wakacheka mpaka wakalia.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka jana, akalazwa, akafariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, mikono ikiwa bado.

Jana, kaburi halijachimbwa, mwenye duka alimvuta binti pembeni, akamwambia, "Mama, nipe mchoro na ile picha, nina kijana atamalizia kwa wiki moja, mikono ni mikono tu." Familia inamjibu hapa, mbele ya jeneza, asije akasema hakusikia: mikono iliyozalisha nusu ya mtaa huu haitabuniwa na mtu asiyewahi kuishika, mchoro utabaki kwa binti kama ulivyo, hauuzwi, haukodishwi, na asithubutu kutuma mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliokesha nasi, na waandika mabango wenzake waliobeba jeneza. Wasiotajwa hawakusahauliwa, wameachwa makusudi.

Pumzika kwa amani, ndugu yetu, brashi yako haitashikwa na mwingine.