Kasia la Thobias Na-Huko

Tunayemzika leo alipenda kuuliza. Hata wasifu huu angeudai maelezo.

Thobias Dismasi alizaliwa Ilagala tarehe 14 Februari 1966. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1980. Siku moja alimwuliza mwalimu: Mto Malagarasi ukishaingia ziwani, maji yake yanakwenda wapi? Mwalimu akampa ndoo. "Nenda kaliulize ziwa." Akaenda, akarudi na maswali mengine.

Mwaka 1985 alihamia Kigoma, akaanza biashara ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inakoshusha samaki. Kwa bei alikuwa mgumu, tusidanganyane. Lakini kabla ya bei aliuliza, "Na huko kwenu?" Wafanyabiashara wa Kalemie, wa Bujumbura, wa Mpulungu, bandari za nchi jirani, wote waliulizwa. Wakambatiza Na-Huko.

Tarehe 11 Mei 1991 alifunga ndoa na Honorata, aliyesema alimkubali ili angalau majibu yabaki nyumbani.

Mwaka 2020 korona ilimsumbua akilini kabla ya kumfika kifuani. Mipaka ilifungwa, vitenge vikakoma kuja, dagaa wakarundikana. "Kumbe dunia ni wavu mmoja," alisema. "Unakatika huko, samaki anatorokea hapa."

Mwaloni, bei haifungwi mpaka watu wapeane mkono, na mikono ilikuwa imekatazwa. Mama Lulu, aliyekimbia Burundi mwaka 2015 na kulisha wanawe kwa kuchuuza dagaa, akagoma kuchukua mzigo.

"Mzee Na-Huko, bei bila mkono ni salamu tu. Kesho utasema hukusema."

"Mimi?"

"Wewe hasa!"

"Na watoto watakula nini leo?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Marehemu akachomoa kasia mtumbwini. "Shika ncha hiyo."

"Tunavuka ziwa?"

"Tunavuka korona. Shika, mama!"

Wakalitikisa, bei ikafungwa, Mama Lulu akajitwika mzigo wake. Mwalo mzima ukaiga, kasia likioshwa kwa sabuni kila baada ya biashara. Halikuwa dawa, ila vyungu vilirudi mekoni. Vyombo vya majini viliporuhusiwa tena kuvuka ziwa, marehemu aliwauliza mabaharia: na huko, mnafungaje bei? Wengine waligonganisha viwiko, wengine miguu. Akaridhika. "Kila nchi inatafuta kasia lake."

Mwishoni mwa Julai 2021 alishikwa na homa na kikohozi, pumzi ikawa fupi. Hospitalini daktari alitaja korona. Hata hapo alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili: "Na huko?" Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Agosti 2021.

Ameacha mjane, Honorata. Watoto wawili, Wema na Feliksi. Wajukuu, na ndugu wa Ilagala na Bangwe.

Leo pia hatupeani mikono. Kasia liko hapa, limeoshwa. Mjane atashika ncha moja. Anayetoa pole ashike ya pili. Mama Lulu ameomba awe wa kwanza.

Pumzika kwa amani, Thobias. Na huko? Usihangaike kujibu, tutakuja kuuliza wenyewe.