Mwenye Kisu Huchukua Fungu la Mwisho

Sikilizeni wanangu, nawe Saad punguza kulia, maana kila ukijifuta machozi jicho linakwenda kwenye mto wangu. Ndiyo, ufunguo wa stoo uko hapa chini, na mimi sijafa bado.

Mimi Hashimu, mjukuu wa muuza nguo aliyepanda milima hii kutoka Kilwa akasema atakaa Tukuyu mpaka mvua ikatike, na mpaka leo haijakatika, nimeunda injini za magari ya mbio tangu dada yako Safina hajazaliwa. Kila timu ya daraja la juu hapa Rungwe hununua injini kwetu, kwani hakuna mwingine anayeziunda. Hiyo ni heshima, wanangu, si kamba ya kumfungia jirani.

Lakini tangu miguu iliponigomea, Saad, wewe ndiye muuzaji, na wewe huyo huyo ndiye dereva wa gari letu. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake: injini inayonguruma unajiwekea, inayokohoa unampelekea Anyelwisye wa Nkunga kwa bei ya ng'ombe, na kila mbio zikija unamwambia ya juzi imeshapitwa na wakati. Loo! Injini ni mkate, mpaka ichache? Timu nyingine zimetukimbia, mbio za juzi yamebaki magari mawili. Wewe ulifika Kisiba wa kwanza, na Anyelwisye akafika akisukumwa na akina mama waliotoka sokoni, na wao ndio walioshangiliwa. Ukaniletea kikombe. Umemshinda nani, baba? Mwakani utashindana peke yako, na stoo iliyowasomesha itamuuzia nani?

Basi shikeni neno langu. Sikukuu ya Idd tukichanga tukanunua ng'ombe, aliyeshika kisu hugawa mafungu, kisha husubiri wenzake wachague, yeye akachukua la mwisho. Ndiyo maana mafungu yetu hulingana mpaka utumbo. Na injini ziwe hivyo hivyo: bei moja kwa wote, injini moja msimu mzima, wenzenu wachague kwanza, sisi tuchukue itakayobaki. Safina ataunda, Saad ataendesha. Akitaka injini nzuri, amwombe dada yake aziunde zote vizuri.

Usinune. Nyumba na shamba la chai mtagawana kama dini ilivyopanga, siongezi wala sipunguzi. Ila katika theluthi yangu nimeruhusiwa kumpa asiye mrithi, nami nampa Anyelwisye injini moja, bure. Yule pale mlangoni na mkungu wake wa ndizi, amekuja kunijulia hali, wewe hata kiti hukumpa.

Mkinizika, nibebeni mabegani, wala Saad asishike mbele. Dini imesema maiti aharakishwe, haikusema ashindane.

Mungu awape kupendana, na riziki ya halali, na walau asubuhi moja kavu ya mbio... Ah, pumzi yangu nayo... inakohoa kama injini ya Nkunga.

Anyelwisye, mwanangu, ndaga, asante kwa ndizi. Inua mto... chukua ufunguo. Ile nzuri... Saad ameifunika kwa magunia ya viazi. Chagua wewe kwanza.

Saad... injini ni nzito hiyo. Nenda... ukamsaidie kubeba.