Upande wa Dorca: Maisha ya Marehemu Seline Aoko Opiyo, 1950–1997

Marehemu Seline Aoko alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 karibu na soko la Otonglo, nje ya nyumba, kando ya shimo la udongo ambako mama yake alikuwa amekwenda kuchimba. Ndiyo maana akaitwa Aoko. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ogola na marehemu mama Amolo. Mbele yake walikuwa kaka yake Gordon na dada yake Dorca Anyango, aliyemzidi miaka minne. Mtu akisimulia maisha ya Seline akamwacha Dorca, amesimulia nusu, tena nusu ndogo.

Mzee Ogola alikuwa mkata nyasi wa klabu moja kando ya ziwa, Kisumu mjini. Alifyeka, akachora mistari ya chokaa kwenye viwanja vya tenisi, na kila asubuhi akafukia nyayo za viboko waliopanda kutoka majini kula nyasi za wazungu. Mipira iliyokwisha manyoya aliruhusiwa kuichukua. Nyumbani Dorca alifunga wavu mkuukuu wa kuvulia ngege kati ya miti miwili, akachonga mbao mbili, akamwambia mdogo wake, "Wewe simama huko. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye naanzisha." Ikawa hivyo miaka yote ya utoto. Dorca anaanzisha, Seline anaingia kwenye mihogo kutafuta mpira.

Aliingia shule ya msingi mwaka wa 1960 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1966. Alipita. Lakini nyumba ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja wa sekondari, nayo ilikwisha kupewa Gordon. Seline hakulia. Aliyelia ni Dorca, ambaye mwenyewe aliishia darasa la nne. Alikataa chakula siku mbili, mpaka mama yao akauliza, "Kwani ni nani kati yenu amekosa shule?"

Mwaka wa 1968 aliajiriwa kuwa dobi katika klabu ile ile ya baba yake, na akafanya kazi hiyo miaka ishirini na minane bila kukosa siku isipokuwa za kujifungua na za msiba. Alifua vitambaa vya meza na nguo nyeupe za wachezaji. Alisema hujua nani amecheza vizuri kwa kuangalia madoa ya sketi tu. Jioni, wenye klabu wakienda kunywa, yeye na Dorca, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga nje ya lango, waliazima raketi mbili na kupiga mpira kwenye uwanja wa mwisho, ule unaoelekea ziwani.

Jumamosi tarehe 7 Desemba 1974 aliolewa na bwana Opiyo wa Kisian, fundi wa mashine aliyekuja klabuni kutengeneza mtambo wa kusawazisha nyasi. Alipopelekwa kuonyeshwa kwa wakwe, mama mkwe alimshika mikono yote miwili, akaona wa kulia umejaa kuliko wa kushoto. Akamgeukia mwanawe: "Opiyo, huyu umemtoa wapi? Mkono mmoja ni wa mwanamume!" Bwana Opiyo akajibu kwamba ndio uliomvuta. Walipanga nyumba Migosi, na Mungu akawapa watoto watatu.

Mwaka wa 1983 klabu ilisafisha kabati zake na vitabu vingi vikatupwa jalalani. Seline aliokota kimoja chenye picha za wanawake wa Uingereza wa enzi za malkia Viktoria, wameshika raketi, wamevaa sketi za kufagia chini na kofia kichwani, viuno vimebanwa kama kiuno cha nyigu. Kiingereza kilikuwa kigumu kwake, kwa hivyo Jumapili mbili alisomewa na rafiki yake, mwalimu Metrine Nabututu wa Maseno. Metrine alimweleza kwamba zamani wanawake hao walicheza kwenye bustani za nyumbani tu, kama kitu cha kuongezea chai. Halafu wakawekewa shindano kule Dublin mwaka wa 1879. Halafu mwaka wa 1884 wakaruhusiwa Wimbledon, wakajitokeza kumi na watatu. Fainali walikutana dada wawili, watoto wa kasisi, na mdogo akamshinda mkubwa. Akapewa kikapu cha maua cha fedha.

"Kumi na watatu tu?" Seline aliuliza.

"Kumi na watatu."

"Hao hata mimi nawapata hapa."

Mkubwa wa klabu alikubali kuwapa uwanja wa mwisho siku za Jumatatu, kwa sababu Jumatatu klabu ilifungwa. Kazi ilikuwa kwa shangazi yao, mama Yunia, aliyewatisha wanawake wote wa Otonglo. "Mtakimbia paja nje mbele ya baba mkwe? Yawa!" Seline akamfungulia kitabu. "Angalia, shangazi. Mpaka kisigino." Mama Yunia akaangalia kwa muda mrefu. "Hawa si wanaenda kanisani?" akasema, akawaacha waendelee.

Hivyo mnamo Oktoba 1984, miaka mia moja baada ya wale wa kitabuni, wanawake kumi na watatu wa Kisumu walicheza tenisi ya mashindano kwa sketi ndefu. Walikuwa wauza samaki, wauguzi wawili, mshonaji, na mke wa mchungaji aliyecheza amevaa viatu vya harusi yake. Mwalimu Metrine alikuwa refa. Palikuwa na sheria moja ambayo haikuwa kitabuni: mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko, unarudiwa. Na zawadi ilikuwa kikapu cha Otonglo chenye sukari na sabuni.

Fainali ilikuwa Jumatatu tarehe 15 Oktoba, nao waliofika ni Dorca na Seline. Watu walicheka wakisema kitabu kimeroga. Dorca alimtania mdogo wake mbele ya watu wote: "Leo hakuna mihogo ya kujificha, Aoko." Walicheza kwa muda wa saa mbili. Seline alipeleka mpira kona hii, akapeleka kona ile, kama mchezo unavyotaka, na Dorca akaufuata wote. Seti ya mwisho ikaisha sita kwa nne. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Seline alikuwa amemshinda dada yake. Dorca alimkumbatia kwenye wavu na hakusema kitu, maana alikuwa akitafuta pumzi.

Alhamisi tarehe 8 Novemba 1984, Dorca alianguka langoni pa klabu karibu na karai lake la samaki, akafa kabla ya gari kupatikana. Madaktari walisema ni moyo. Mama Yunia alisema kingine, tena alikisema kaburini. "Mahindi hupandwa kwa mkubwa kwanza. Nyumba hujengwa kwa mkubwa kwanza. Wewe umemruka dada yako mbele ya watu, kwa sababu ya kikapu cha sabuni." Alikuwa akitaja chira, laana ya kuvunja mpangilio wa wakubwa na wadogo. Wengine walimnyamazisha. Wazee wawili walisema mchezo si shamba. Lakini Seline alikuwa amesikia, na neno la kaburini halifutiki.

Tangu siku hiyo alitaka kujua jambo moja tu: je, Dorca aliondoka na kinyongo? Alimpelekea Metrine kitabu tena, akamwomba atafute kilichompata yule dada mkubwa wa kule Uingereza baada ya kushindwa. Metrine alitafuta. Kitabu hakikusema. "Hakuna hata mstari?" "Hakuna, Seline." Usiku alilala na taa ikiwaka. Mchana, akianika nguo, alisimama ghafla na kibanio mdomoni, akisikiliza mpira unadunda uwanja wa mwisho, na uwanja wa mwisho hauna mtu. Katika ndoto alimwona Dorca ng'ambo ya wavu, amevaa sketi yake ya kijani, hasemi, anangoja. Na Seline ana raketi lakini hana mpira wa kumpa.

Hakucheza tena. Lakini mashindano hakuyaacha, na kila mwaka alitaka wawe kumi na watatu, si zaidi. Kumi na watatu hawagawanyiki, kwa hivyo siku ya kwanza mmoja hubaki bila mpinzani. Huyo ndiye aliyetakiwa kufungua. Alisimama upande wa klabu, akapiga mpira mmoja kwenda upande mtupu, ule wa ziwani, kisha akangoja. Hakuna aliyeruhusiwa kucheza kabla mkubwa hajapewa mpira wake, kama shamba lisivyopandwa kabla ya mkubwa. Wanawake waliuita upande wa Dorca. Waliufanyia mzaha kwa sababu waliuogopa. "Nani amepangwa na marehemu mwaka huu?" "Mimi. Na afadhali yeye, hanitukani." Kisha mpira ulipigwa, na mzaha ukaisha. Wote walitazama nyasi za upande ule mpaka Seline atikise kichwa kwamba basi, chezeni. Mwaka wa 1991 hakutikisa kichwa. Alisimama mpaka jua likawa juu ya maji, akafungua wavu, akaukunja, akaenda nyumbani. Walicheza Jumatatu iliyofuata.

Wakati huo wote tenisi ya akina mama ilikua. Kufikia mwaka wa 1993 wasichana wa shule walikuwa wakija kutoka Maseno na Migosi kuomba nafasi. Seline aliwaambia habari za yule msichana wa miaka kumi na mitano wa kitabuni, aliyewashinda watu wazima mwaka wa 1887 huku akiruhusiwa sketi fupi kidogo kwa utoto wake. "Miguu yake ilikuwa huru," alisema, na mwaka huo akaruhusu magoti yaonekane. Mama Yunia hakuja kutazama.

Ugonjwa ulianza Juni 1996, chakula kikawa kinakwama kooni. Hospitalini walisema ni saratani ya koo la chakula. Seline, aliyekuwa na mkono wa mwanamume, alikonda mpaka pete ikafungwa kwa uzi. Huko sokoni walisema chira imefika. Yeye mwenyewe hakubisha. Aprili 1997 alihamishwa kutoka Migosi akaletwa hapa Kisian.

Mwalimu Metrine alikuja Jumamosi tarehe 16 Agosti, saa nne asubuhi. Alikaa kitini na mkoba wake magotini kama mtu anayengoja kuitwa.

"Seline, kuna kitu nimekaa nayo."

"Sema. Mimi sina siku za kungoja."

"Siku ya fainali Dorca alitapika nyuma ya chumba chako cha dobi. Akaniambia daktari amemkataza kukimbia. Nikamwambia nasimamisha mchezo. Akanishika hapa." Metrine alijishika kola. "Akasema, 'Ukimwambia huyo mtoto, atanipigia mpira ya huruma. Miaka thelathini nangoja anipige sawasawa. Wewe hesabu pointi.'"

Nje kuku walikuwa wakichakura majivu.

"Miaka kumi na mitatu, Metrine."

"Najua."

"Nimelala na taa miaka kumi na mitatu!"

"Niliogopa. Mimi ndiye nilikuwa refa. Ningesimamisha."

Seline aligeukia ukutani, mabega yakatikisika. Waliokuwemo walidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli, kisha akauliza, "Alisema sawasawa? Hilo neno?"

"Hilo hilo."

Mama Yunia alipokuja wiki iliyofuata, Seline alimweleza mwenyewe kwa ile sauti iliyobaki. Shangazi akasema watu bado watasema chira. "Waache waseme, shangazi. Mimi nilipiga mpira niliotumwa." Halafu akaagiza kwamba kuanzia Oktoba hii asiyepata mpinzani akae chini anywe soda kama binadamu, na mpira usipigwe tena upande wa ziwani kwa mtu asiyekuwepo.

Binti yake aliyemuuguza anakumbuka kwamba siku za mwisho hakuona tena ndoto ile. Mara mbili, mchana kweupe, aliuliza kama kuna mtu mlangoni. Akaambiwa hakuna. "Mmeangalia vizuri?" Wakaangalia tena. "Basi ameenda kweli," akasema, na haikuwa sauti ya furaha. Alibaki akitazama mlango.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 1997, saa tisa alasiri, na anazikwa leo, Jumamosi tarehe 20.

Ameacha mume wake, bwana Opiyo, wanawe Ogola na Wasonga, binti yake Agneta, aliyetoka shuleni darasa la sita akawa naye mpaka mwisho, kaka yake Gordon, shangazi yake mama Yunia, mjukuu mmoja, mwalimu Metrine, na wanawake kumi na watatu walioketi pale mbele kwa sketi ndefu.

Seline Aoko, lala. Na uwe umemkuta.