Duku Avaa Jaketi Ndani ya Kifaru

Benchi letu liko mtaa wa Hai Mauna, mbele ya jiko la mkaa la Erina, mama wa Kiganda anayepika kahawa ya tangawizi. Kushoto ni gereji ya Kizza, tunayemwita Spana. Kulia ni kibanda changu cha kutengeneza simu. Alasiri hukaa hapo pia Duku, jina la kijiwe Meja, ingawa jeshini hakuwahi kupita ukoplo. Siku za vita alipakia makombora ndani ya kifaru, kisha akaishi ukimbizini Koboko, na siku hizi anauza mbegu za mboga. Mdogo wetu ni Koang, aliyekulia Nairobi, anayetengeneza gemu ya vifaru kwenye kompyuta yake. Alimpiga Duku picha, akampa mpakiaji wa kwenye gemu sura yake. Duku alitembea na fahari hiyo wiki nzima, mpaka Ijumaa moja ya Machi, joto likichoma, akaja amenuna.

— Koang, mimi nimekufa tena, akasema kabla hata ya kukaa.

— Umekufa wapi, Meja?

— Kwa gemu yako! Napita kwa kinyozi, vijana wanaicheza huko, wanapiga kelele: "Meja amekufa! Meja amekufa!" Mke wangu amesikia, akatoka mbio bila viatu.

Erina alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye makaa.

— Si mimi, ni fizikia, akasema Koang. Kombora likipenya chuma, vipande vinaruka huko ndani kama mafuta kwa karai. Na wewe umeketi hapo na shati tu. Lazima ukufe, mzee.

— Basi nipe jaketi. Ile ya kuzuia risasi.

— Jumatatu natuma gemu Kampala kwa mashindano. Nikiweka jaketi lazima liwe la ukweli. Wale majaji si watu wa kudanganywa.

— Ukweli gani? Mtu amevaa, mtu haifi, khalas!

Kizza akaja akifuta mikono yake kwa kitambaa cheusi kwa grisi.

— Wewe hapana elewa, akamwambia Koang. Jaketi si ya kuvaa. Dereva wa lori wa barabara ya Nimule, yeye nakalia. Risasi natoka chini, nakuta jaketi, narudi kwao.

— Kwa kifaru haitoki chini, Spana.

— Basi weka mbili. Moja ya kukalia, moja ya kuvaa.

— Na ya tatu ya miguu, akasema Duku.

— Na sufuria kichwani, akasema Erina. Mvalisheni kila kitu, halafu mpate nafasi ya kuweka hilo kombora.

— Hapo ndipo shida iko! Koang akaruka. Jaketi linakuongezea uhai, sawa. Lakini ni zito, na joto ndani ya kifaru ni noma. Utapakia polepole. Na kifaru kikishika moto, utachelewa kutoka kwa ule mlango wa juu.

Duku aliweka kikombe chini taratibu.

— Nani atachelewa?

— Wewe. Wa kwenye gemu.

— Sura ya nani?

— Yako.

— Basi ni mimi. Na mimi, kijana, nilikuwa natoka kwa kifaru kama panya. Leta jaketi hapa.

Jaketi lilikuwapo. Kizza alikuwa nalo gerejini, limeachwa kwenye kiti cha lori na mlinzi wa msafara ambaye hakurudi kulichukua. Tangi pia lilikuwapo: la chuma, la lori la kuuza maji, limeshushwa kwa ukarabati, na juu yake tundu la duara la kuingilia mtu. Koang alilizunguka, akalipima tundu kwa shubiri.

— Si mbali sana na la kifaru, akasema, na macho yake yakang'aa.

Mara ya kwanza Duku aliingia na shati lake tu. Koang alipopiga kofi kwenye chuma kuashiria moto, mzee alichomoka, akaketi ukingoni na kutupungia mkono. Tulimshangilia. Madereva wa bodaboda wakasogea. Akavaa jaketi, Kizza akambana mikanda, akashuka tena kwa shida kidogo.

Kofi likapigwa.

Kilitoka kichwa, yakatoka mabega na mkono mmoja. Hapo akakwama. Jaketi lilikunjamana chini ya makwapa likaziba tundu lote.

— Meja, umekuwa kizibo! mmoja akapiga kelele.

— Spana, leta grisi!

Tulicheka. Duku naye alianza kucheka, akajaribu tena, akashindwa. Kisha akaacha kucheka. Mkono wake ulioko nje ukaanza kupiga chuma.

— Toeni mimi, akasema. Toeni mimi sasa. Sasa!

Haikuwa sauti ya kijiweni. Koang alipanda juu ya tangi kwa magoti, akamshika mzee uso kwa mikono miwili.

— Meja, niangalie. Uko Mauna. Hii ni gereji ya Spana. Hakuna moto. Unasikia harufu? Ni kahawa ya Erina.

— Moshi, Duku akasema.

— Ni wa jiko. Niangalie mimi. Pumua, baba yangu.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Wakati huohuo alifika Lilly, binti yake Duku, mwalimu wa chekechea kule Nyakuron, aliyepita kumchukua baba waende kwa mazoezi ya kwaya. Hakuuliza kitu. Alivua viatu, akapanda, akapenyeza mkono kwenye tundu na kufungua mikanda ya mabegani na ya ubavuni mmoja mmoja. Jaketi likaanguka ndani kwa kishindo. Duku akatoka, amechubuka mbavu, jasho linamtiririka.

Tukarudi kwenye benchi. Erina alimjazia kikombe na kukishikilia pamoja naye.

— Nisamehe, Koang akasema. Ni wazo langu la kijinga. Nitatoa sura yako kwa gemu.

— Malesh, si kitu. Sura iache, akasema Duku, akanywa kidogo. Andika: jaketi inaokoa kwa vipande, inachelewesha kwa mlango. Mimi nimethibitisha kwa mbavu zangu.

Kicheko kikarudi, cha chini. Koang akafungua kompyuta, akaandika, akamwonyesha Lilly: Duku mdogo wa kwenye skrini, amevaa jaketi, anatoka polepole kwenye kifaru kinachowaka. Anapona. Duku akapiga makofi.

Lilly aliangalia mara mbili.

— Na aliye nyuma yake? akauliza. Baba akiziba mlango hivyo, yule mwingine anapita wapi?

Koang akairudisha picha mwanzo. Kwenye gemu yake kila mtu alitoka peke yake. Hakuna aliyemsubiri mwenzake.

— Mlango wa kamanda, akajaribu.

— Wetu ulikuwa unawaka, akasema Duku.

— Chini, akasema Kizza. Kuna mlango wa chini.

— Chini kifaru kilikuwa kimekaa kwa tope.

— Kwa hiyo nyuma yako palikuwa na mtu? Lilly akauliza kwa upole.

— Yangi. Mpiga mzinga wetu. Mimi nilikwama, yeye alinisukuma kwa bega, nikaanguka nje. Nilipoamka hospitali, yeye iko kitanda cha pili.

— Yule mzee Yangi wa Nesitu? Anayeuza chai kwa malori? akasema Lilly. Alipita wapi?

Duku alitutazama mmoja mmoja.

— Sijui, akasema. Tunasalimiana kila Krismasi. Sijawahi kuuliza.

Duku akatoa simu yake, ile ambayo spika ya sikioni imekufa na mimi namwahidi kila siku nitaitengeneza; huongea kwa spika ya nje, kwa hiyo sote tulisikia ikiita. Sauti nzito ikajibu, nyuma yake malori yakinguruma.

— Yangi, ndugu yangu. Ile siku ya moto. Baada ya kunisukuma mimi, wewe ulipita wapi?

Ngurumo ya malori ikafifia, kama mtu aliyesogea kando.

— Duku, ikasema ile sauti. Miaka yote hii mimi nangoja wewe uulize.

— Nauliza leo.

— Si maneno ya simu hii. Kuja. Nitaweka maji kwa moto.

Duku alisimama, bado amejishika mbavu. Kizza alikuwa tayari ameingia gerejini kuwasha gari. Lilly akaipigia kwaya simu kusema baba hatafika. Koang alifunga kompyuta na kuipakata.

— Na Jumatatu? nikamuuliza. Kampala?

— Majaji watangoja, akasema. Meja, naweza kuja?

— Kaa mbele na mimi, Duku akajibu.

Gari lilipoondoka, Erina aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Lilitoka tone moja na mashapo ya tangawizi.