Bi Mwanakheir na Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 30 Juni 1973. Asubuhi imeamka na manyunyu, kisha jua jepesi, na upepo wa kipupwe umeleta harufu ya maua ya langilangi mpaka ndani ya wodi. Leo Bi Mwanakheir Silima anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwauguza wagonjwa wa akili.

Alianza mwaka 1942 kwa kufua mashuka, akapanda hatua kwa hatua hadi kuwa muuguzi mkuu. Wengi tunamjua kwa ukili wa mkeka anaousuka huku akizungumza na mgonjwa, maana anaamini mtu husema zaidi asipokodolewa macho. Tunamjua pia kwa daftari lake, ambamo huandika saa aliyolala kila mgonjwa. Dakta Msabah humtania kuwa siku usingizi utakapopotea Unguja nzima, utakwenda kuulizwa kwake.

Lakini kwetu sisi wa wodini, kazi yake yote imo katika wiki moja ya mwaka 1968.

Wiki ile aliletwa Fundi Pandu, seremala wa Jang'ombe. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia na kumnyima maneno. Kwa kuwa alilia na kusukuma sahani, nyumbani walidhani akili imeruka. Mkewe, Bi Time, alikuja kila siku. Siku ya tatu alikuja na kaka yake, Nahodha, na mbele yake Fundi Pandu akamnyooshea mkewe mkono wa kushoto.

Sote tulioona tuliinamisha macho. Mkono ule haupewi mtu, seuze mke mbele ya nduguze. Mmoja wetu, kwa kutaka kusitiri aibu, aliukamata na kuurudisha chini ya shuka. Fundi akautoa tena.

"Nshafunga kanga zangu, Bi," Bi Time alimwambia Bi Mwanakheir barazani. "Nnakwenda kwa kaka. Miaka kumi na minane nimempikia, leo ananipa mkono huo?"

Bi Mwanakheir hakuacha kusuka. Alimweleza alivyofundishwa na daktari: ubongo una nusu mbili, ya kushoto hushika maneno na mkono wa kulia, na hiyo ndiyo iliyoumia. Ya kulia, inayojua nyuso, sauti na mahadhi, ilikuwa nzima, na inautumia mkono wa kushoto.

"Hajakudharau. Amekupa aliobaki nao," alisema. "Nenda, mpe wako wa kushoto."

"Watu watanichekaje?"

"Watanicheka mimi kwanza. Nimempa asubuhi."

Nahodha, aliyekuwa akimsubiri dada yake uani, alisema naye atatazama ukutani, mradi waende upesi, jua linamchoma.

Bi Time alikaa kitandani, akautia mkono wake wa kushoto katika ule wa mumewe. Kwa ushauri wa Bi Mwanakheir, akaanza kuimba taratibu, kwa sauti ya chini, kasida ambayo Fundi huiongoza kila Maulidi. Pazia lilikuwa likijaa upepo na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Kwenye ubeti wa pili Fundi Pandu aliingia, na maneno yake yote, hakukosea hata moja. Kasida ilipokwisha, maneno nayo yakaondoka. Lakini mkono haukuachwa, na kanga zilifunguliwa jioni ileile, Jang'ombe.

Tangu hapo, wodini kwetu, kabla ya kumpa mgonjwa mkono tunatazama kwanza upi unaomsikia.

Ahsante, Bi Mwanakheir. Tunakutakia siku ndefu za afya, ukili usiokatika, na usingizi usioandikwa na mtu. Daftari tuachie. Tumeukunja ukurasa wa siku ile, ambapo, chini ya majina ya wagonjwa, uliongeza jina la mtu asiyekuwa mgonjwa, aliyekesha siku tatu: "Bi Time, kitandani kwa mumewe, mkono mkononi. Amelala saa nane na dakika ishirini mchana."