Sura ya Mwisho ya Nungunungu

Ndugu zangu, wakubwa nawapa shikamoo zenu, na wenzangu wote assalaam alaikum. Mwalimu wetu wa kisomo ameniomba niseme nanyi mnaoanza leo kushika kalamu ukubwani. Nikamjibu mimi si msemaji, mimi ni mkulima wa mihogo. Akasema, "Basi waeleze kilichokutoa hapa na kilichokurudisha." Nitajaribu. Nikikwama mnivumilie, maana mwenye uchungu kunishinda ameketi pale upande wa akina mama, naye ni mke wangu.

Niliingia darasa hili kama ninyi, ndevu zimeshaota mvi. Nilipomaliza silabi, mwalimu akatafuta kitabu cha kunipa nijizoeze. Vitabu vya Kiswahili vya kujisomea mnajua ni vya kutafuta, akanipa alichokuwa nacho, kitabu cha watoto chenye sura sura, cha msichana aliyefanya urafiki na nungunungu anayesema. Nawaambia kweli, nilikasirika. Nungunungu ndiye anayenikeshesha shambani na kunilia mihogo, halafu nikae nimsome? Nilikipeleka nyumbani nimekificha ndani ya kanzu, watu wasinione.

Binti yangu akakiona hivyohivyo. Hakuwa na umri wa kwenda kisimani peke yake, lakini kwa udadisi hakuwa na mwenzake. "Baba, nisomee." Ikawa kila jioni baada ya chakula nasoma sura moja, kidole chini ya neno. Nilikuwa mzito, hata nikikwama yeye ananimalizia kwa kubahatisha, na mara nyingi anapatia. Majirani wakipita wanacheka, "Mzee mzima anazungumza na nungunungu." Mke wangu yuko uani anakuna nazi, mama yangu mzazi yuko chumba cha ndani amelala. Nilidhani hadithi ile ni yetu wawili tu.

Katika kitabu hicho, msichana na Nungunungu walikuwa wakikutana ukingoni mwa shamba. Msichana anamwachia muhogo, Nungunungu anampa habari za porini. Siku moja baba wa msichana akatega mtego bila binti yake kujua. Nungunungu akaumia mguu, akadhani rafiki yake ndiye aliyemsaliti, akaenda zake. Sura ikaishia hapo, imebaki moja. Binti yangu akalia machozi ya kweli. "Baba, atarudi?" Nikamwambia kesho tutajua.

Kesho yake akaamka na homa. Tulimpeleka dispensari, akapewa dawa, tukarudi naye nyumbani. Usiku ule hakuwa wa kusomewa kitu. Siku iliyofuata, jua la utosini, homa ikamwachia kidogo, akafumbua macho akasema, "Baba, nisomee sasa."

Sasa, wenyeji wa Kisarawe hii mnajua ninachotaka kusema, lakini wako waliotoka mbali. Sisi huku ngano za wanyama wanaosema hazisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana anamfisha mama yake. Tumeambiwa hivyo tangu tunatambaa, nami niliamini, na mama yangu alikuwa mle ndani, mgonjwa wa kifua. Nikamwambia binti yangu, "Hizi si za mchana, mwanangu. Jua likizama nitakusomea mpaka mwisho."

Akasema, "Haya, baba." Laiti angebisha, ndugu zangu. Laiti angelia hata kidogo kama watoto wanavyolia. Alasiri alikuwa ameshafariki.

Tulipomaliza matanga sikuweza kukaa katika nyumba ile. Kila jua likizama naliona limechelewa. Nikamwambia mke wangu nakwenda kutafuta kazi, lakini ukweli nilikimbia. Nilikwenda kukata mkonge upande wa Kwala, nikamwachia shamba, nikamwachia mama yangu, na huzuni yote nikamwachia. Sikupeleka salamu. Kambini wenzangu wakianza hadithi jioni, mimi naondoka. Nilikuwa sisomi hata maandishi ya kwenye gunia. Mtu niliyekuwa ninyi msingemtaka nyumbani kwenu.

Mchana mmoja natoka shambani, nikamkuta mke wangu ameketi mlangoni pa chumba changu cha kambi, miguu imejaa vumbi kwa kuniulizia kambi hadi kambi. Hakunigombeza. Alifungua fundo la kanga yake akatoa kile kitabu.

"Nisomee sura iliyobaki."

"Ngoja jioni."

"Sasa hivi, baba watoto."

"Na mama je?"

"Mama yako ndiye aliyenituma. Amesema kama ni yeye anayeogopewa, ameridhia. Siku ile aliwasikia toka chumbani. Alinyamaza akidhani mwenye mtoto anajua afanyalo. Ungemuuliza, angekwambia msomee."

Nililia mbele ya kambi nzima, sikuona haya. Mke wangu akaacha nilie, kisha akasema polepole, "Na mimi sijui kama alirudi. Kila jioni nilikuwa nakuna nazi huku nasikiliza."

Basi nikasoma, jua kali, sauti inanikatika, wakata mkonge wamesimama wanasikiliza. Alirudi, ndugu zangu. Nungunungu ambaye maisha yake yote ni ya usiku alirudi mchana, anachechemea, mbwa wote wako macho, kwa sababu msichana alikuwa amekaa pale ukingoni tangu asubuhi akimsubiri. Akamwambia, "Ningengoja giza, ungedhani siji."

Nilifunga kitabu, nikafunga na mzigo wangu. Tulirudi Kisarawe pamoja.

Uchungu haujaisha, sitawadanganya. Lakini nalima, nalala nyumbani kwangu, na nimerudi kusoma. Namshukuru mke wangu, aliyenifuata mimi nisiyestahili kufuatwa. Namshukuru mwalimu, ambaye mpaka leo hajakidai kitabu chake. Namshukuru mama yangu. Mchana ule haukumfisha, yu hai, na siku hizi ananiita adhuhuri, anamenya mihogo, nimsomee. Ukingoni mwa shamba huwa naacha muhogo mmoja, na wanaonicheka wacheke.

Mila za wazee wetu sizitukani, nami ni mtoto wa hapahapa. Ninachowaomba ni hiki: kabla hujamnyima mtoto kwa ajili ya mtu, nenda kamuulize mtu huyo kwanza. Mama yangu alikuwa macho siku ile. Kutoka kitandani kwa binti yangu hadi mlangoni kwake ni hatua chache tu, nami sikuzitembea.